Kiti Alichokileta Mwenyewe

…kwamba Nomsa hajiamini, ndivyo walivyosema wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kama watu wa meza moja wanaopokezana chumvi, hajiamini, hajiamini, kwa kweli hajiamini, na sasa Bwana Thabo, mwenyekiti wa bodi ya shule, ameinua kalamu na kumgeukia yeye, "Mama Beatha, tumebaki na wewe tu," na lile tabasamu lake la muuza bima, maana ni muuza bima kweli, Jumatatu hadi Ijumaa anawauzia watu mazishi yao kidogo kidogo na Jumamosi anakuja hapa Troyeville kuwatafutia watoto wa watu mwalimu mkuu, tumebaki na wewe tu, utadhani yeye ni lile paja la kuku la mwisho sahanini ambalo kila mtu analionea haya, na Beatha anafungua mdomo atoe sentensi fupi, naungana na wenzangu, basi, yaishe, aende nyumbani akafue kabla maji hayajakatika tena, lakini anajikohoza tu kama mtu anayepanga mawazo wakati hana wazo lolote zaidi ya magoti, magoti yanamuuma, kwa sababu bodi nzima imekaa kwenye viti vya watoto wa darasa la kwanza, hapa maktabani, watu wazima na shahada zao na magoti vifuani kama panzi, na kiti kimoja tu cha saizi ya binadamu, kile chenye mikono, kimebaki tupu katikati ya zulia, pale walipokaa waombaji… wala hawachagui, wanapendekeza tu, bodi inapendekeza na idara inateua, mama aliyetumwa na wilaya amelirudia hilo tangu asubuhi kama mtu anayevuta tasbihi, kisha akajitenga chini ya bango la alfabeti na boksi lake la kuku, yeye kazi yake ni kuhakikisha mambo yanakwenda kwa taratibu, na kweli lile bawa analila taratibu. "Ni vizuri tukiwa na sauti moja, Mama," Thabo anaendelea, "wilaya haipendi mgawanyiko, tukigawanyika inabidi turudi mwanzo, tujadili kipengele kwa kipengele, na mimi mwanangu ana mechi mchana huu," na Mwalimu Chloé, mwakilishi wa walimu, anasema eish, hapana jamani, si kipengele kwa kipengele, na kucheka, na kutazama simu yake… sauti moja, sawa, lakini sauti ya nani, ya Thabo ambaye tangu mwanzo alitaka mtu wa kumpeleka kwenye chakula cha wafadhili, au ya Chloé ambaye shida yake na Nomsa ni daftari la kusaini asubuhi, basi, angesema tu kwamba hataki kusaini akichelewa, lakini hapana, lazima tuzungumzie upeo, lazima tuzungumzie hatua inayofuata ya shule, na mtu mwenyewe aliyeivusha shule hii miaka miwili akiwa kaimu mwalimu mkuu, kaimu, kaimu, neno lenyewe kama kikohozi, hana upeo kwa sababu wanamjua mpaka viatu vyake.

Na walimtaka nani, hebu, tangazo walilitunga hapa hapa wakibishana kwa wiki kadhaa, Papa Théodore, yule fundi wa Bukavu, akitaka iandikwe mcha Mungu, Thabo akitaka mwenye maono na mtandao mpana, Chloé akitaka anayewaamini walimu wake, maana yake asiyewachungulia madirishani, wazazi kwenye kundi la WhatsApp wakitaka mkali, lakini asiwe mkali kwa wanangu mimi, awe mkali kwa wale wengine, ajue lugha nne, ajue hesabu, ajue soka, awe mama, awe baba, awe polisi, ajue fundi wa kuzibua vyoo Jumapili, mtu kama huyo akizaliwa Johannesburg haji kuomba kazi Troyeville, malaika wanakuwa wamekwisha kumchukua, na hata hivyo walikaa wakasubiri aje, na akaja, au tuseme alikuja mtu aliyesoma tangazo vizuri, Dokta Kagiso, kutoka kwenye shule moja ya kulipia kule Sandton, suti ya buluu, viatu vinavyoongea kabla yake, akaingia, akasimama nyuma ya kiti, mkono juu ya mgongo wa kiti kama mtu anayepigwa picha ya ukumbusho, akawagawia macho mmoja mmoja, akangoja, na Thabo, Mungu wangu, Thabo aling'aa, "Tafadhali, keti, Dokta, keti," kama vile yeye Thabo ndiye aliyepewa kiti, na Dokta akaketi, akafungua koti, akaanza, mfumo ikolojia wa ujifunzaji, karne yetu hii, roboti, ndiyo, roboti, watoto wetu lazima watengeneze roboti, na Papa Théodore ambaye roboti anayoijua ni taa ya barabarani, ndivyo wanavyoziita hapa, ile anapongojea kila asubuhi kona ya Bertrams, aliinua nyusi kidogo, watoto watengeneze taa za barabarani? lakini Dokta akasema maono, nina maono na shule hii, naiona, nikifumba macho naiona, na hapo fundi wa watu ikamponyoka, "Amina!" kwa sauti ya kanisani kabisa, kwa sababu kwao Bukavu na kwenye kanisa lao la pale ghorofani mtu akisema ameona maono haombwi ushahidi, anapewa maikrofoni… Beatha karibu acheke, alijiuma ulimi, na aliulizwa nini tena, Dokta, aliulizwa kuhusu msongamano, madarasa yamejaa mno, utafanyaje, na akasema bila kupepesa macho, jambo la kwanza nitaisafisha rejista, na wote wakatikisa vichwa, ndiyo, isafishwe, na Théodore akatikisa kuliko wote, usafi, jambo zuri, nani anapinga usafi.

Halafu Nomsa. Nomsa aliyefungua geti asubuhi kwa sababu karani hafanyi kazi Jumamosi na funguo anazo yeye, Nomsa aliyekuja na madumu ya maji kwenye buti ya gari lake ili watu wa kumhoji wapate chai, aliyevikuta viti vya maktaba ni hivi vya panzi akaenda ofisini kwake, akabeba kiti chake mwenyewe, chenye mikono, akakileta mpaka hapa, akakipanga katikati ya zulia, akakifuta vumbi kwa kiganja, Beatha alimwona, alikuwa wa kwanza kufika, alisimama mlangoni na miwani yake ya jua akifikiri, ebo, huyu anaandaa msiba wake mwenyewe, na akamsaidia kuvuta meza… kisha zamu yake ikafika, akabisha hodi kwa kucha, akaingia kwa hatua za haraka, mgongo umeinama kidogo, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti, akaketi. Akaketi tu. Mikono mapajani, macho kwenye ukingo wa meza, kimya, akingoja. Na chumba kizima kikangoja vilevile, Thabo na "keti" yake mdomoni haina pa kwenda, kama mtu aliyenyoosha mkono wa salamu ukaachwa hewani, na Papa Théodore akamwinamia Beatha, akamnong'oneza kwa Kiswahili, maana wao wawili kwenye bodi hii wana hicho cha pembeni, cha kwake cha Bukavu na cha kwake cha Morogoro, vinapishana njiani lakini vinasalimiana, "Mama Bea, uliona ile? Anaingia, paf, anaikala! Hatuyamuambia ikala! Hata salamu, hapana! Njo mukubwa wa masomo ile?" yaani amekaa bila kuambiwa kaa, ndiye mkuu wa shule huyo, na yeye, Beatha, alicheka. Kwa pua tu. Pumzi moja. Lakini Nomsa aliinua macho kidogo, akayashusha.

"Mama Beatha?" Ndiyo, ndiyo, nipo, nafikiri, anasema, au anatikisa kichwa tu, na Thabo anasema chukua muda wako kwa sauti ya mtu anayetaka uuache huo muda mezani uondoke… nani amkaribishe mtu kukaa kwenye kiti alichokileta kwa mikono yake, hilo lingetosha kuwa jibu, Papa, hicho kiti ni chake, lakini siyo hilo, Nomsa angekaa hata kingekuwa cha mfalme, angekaa upesi zaidi, Beatha anajua, na anajua alikojulia, sebule ya Gogo, yaani bibi, kule Soweto, kapeti la plastiki mbele ya sofa, miaka ile mwanzoni mwa tisini baba yake, Sipho, aliporudi kutoka uhamishoni na mke Mtanzania na binti mwenye suruali ya kaki aliyoshonewa Morogoro, mama yake, Evarista, nesi, mrefu kama mlingoti, mwenye adabu zake zote za Bukoba amezikunja vizuri kwenye sanduku, na baba ametangulia nyuma ya nyumba kumtafuta mjomba, kwa hiyo wakabaki wao wawili getini, na mama akafanya lile ambalo mtu aliyelelewa vizuri hufanya, akasema, hodi. Hodi, hodi wenyewe. Kimya. Akapandisha sauti, hodii! na ndani ikasikika sauti ya mwanamke mzima, imechoka, "Asithengi!" na mtoto wa jirani akacheka akawatafsiria kwa Kiingereza kibovu, anasema hatununui… hatununui! bibi yake mzaa baba alidhani Hodi ni jina la bidhaa, sabuni pengine, au samaki, mama akasimama pale na zawadi yake ya kahawa mkononi kama mchuuzi, na mpaka leo kwenye familia mtu akija kuuza chochote wanamwita hodi, hodi amekuja, mwambie hodi tunazo… wakicheka, ndiyo, lakini hawakucheka siku ile, kwa sababu walipoingia mama alisimama. Alisimama katikati ya sebule, akangoja karibu. Karibu mwanangu, kaa, pole na safari, ndivyo alivyozoea, mgeni hajichukulii kiti, mgeni anapewa. Na Gogo amekaa chini, miguu imenyooka, anamtazama kutoka chini hili jitu refu lililomsimamia, na Gogo naye anangoja, anangoja akae, kwa sababu kwao mdogo akiingia kwa mkubwa anajishusha upesi, anakaa, ananyamaza, hainui macho, hamwanzi mkubwa kwa salamu, mkubwa ndiye atakayemwona na kumsalimu akipenda, ni nani anayesimama juu ya mtu mzima, Gogo alikuja kumwambia Beatha miaka baadaye, wakimenya viazi, waliokuwa wanaingia humu na kusimama juu yetu walikuwa polisi, mtoto wangu, mama yako alisimama kama wao, nikajiuliza, Sipho katuletea nani. Na mama naye, huko nyuma, usiku kitandani, akimwambia baba kwa Kiswahili, watu wenu hawana hata neno la karibu. Wanawake wawili, kila mmoja amejaa heshima mpaka shingoni, wakitukanana kwa heshima hiyohiyo, na baba katikati anatafsiri nusu, ile nusu isiyouma, mpaka alipochoka akaacha, na kazi ikamwangukia nani, ikamwangukia msichana wa suruali ya kaki, Gogo anasema hivi lakini ana maana hivi, mama hakukusudia, kwao ni hivi, kwenu ni vile, maisha mazima ya kwao ni hivi… amechoka. Kweli amechoka. Chuo kikuu alikwenda ili asiwe mkalimani wa mtu tena, na ona, amekaa kwenye kiti cha panzi Jumamosi anatakiwa amweleze fundi wa Bukavu adabu za Kizulu mbele ya Msotho muuza bima ambaye, ngoja, Thabo anazijua. Thabo anazijua! Mama mkwe wake ni Mzulu wa Newcastle, alisema mwenyewe, kila Krismasi anakwenda, anaingia pale anakaa upesi na macho chini kama wakwe wote, anajua vizuri kabisa Nomsa alifanya nini na kwa nini, na ameketi hapo na kalamu yake anasema hajiamini… maana nyumbani ni nyumbani na kikao ni kikao, kule heshima, huku taaluma, unavua moja mlangoni unavaa nyingine, na asiyejua kuvua na kuvaa hafai, ndiyo maana yake, na hasira inampanda Beatha mpaka masikioni, wanafiki hawa, wanafiki na mfumo ikolojia wao, hajiamini, neno gani hilo, wamelitoa wapi wote watatu neno moja, utadhani wamekariri, Thabo hasemagi hajiamini, Thabo angesema hana mvuto, Chloé angesema hana nguvu, Théodore hana hata neno hilo kwenye Kiingereza chake, leo amelitamka kwa shida, kama mtu anayevuka mtaro, kon-fi-densi…

Na hapo linamjia, polepole, kama baridi inayoingia chini ya mlango. Ni lake. Neno ni lake. Wakati wa chai, pale kwenye tangi la maji, Chloé na kikombe chake, "Wewe ndiye mtaalamu, Mama Bea, uliwaonaje?" na yeye, ambaye benki moja ya Sandton inamlipa kwa kazi hii hii ya kuwahoji watu na kuwachambua kama mchele, hakutaka kuonekana anambeba rafiki, hata si rafiki, mtu anayemheshimu tu, akapuliza chai akasema, "Dokta anajua kuhojiwa. Nomsa… sijui, hajiamini, au?" Au. Aliweka na au pale mwisho, kale kamlango ka kutorokea, na Chloé hakusikia au, Chloé alisikia mtaalamu, akaenda nalo kwa Thabo, Thabo akaenda nalo kwa Théodore, na sasa limemrudia limenenepa, linasema ni la wote. Na vile vigezo, nani alivileta, si yeye, Thabo alimwomba, Mama tusaidie vigezo vya kisasa, akavinakili kutoka kazini bila kubadilisha nukta, anaingia kwa kujiamini, anawatazama wahoji machoni, vigezo vya kuajiri watu wa kuuza mikopo, akawapa bodi wampimie mwalimu mkuu, yeye, mjukuu wa Gogo! yeye aliyefinywa paja alipomtazama Gogo usoni, angeweza kufuta ule mstari, ingemchukua pumzi moja tu, hata hakuusoma, macho yaliupita kama yanavyopita matangazo ya bima… na amekaa hapa muda wote huu anawahesabia wenzake unafiki, Thabo na nyuso zake mbili, na wa kwake uko wapi, wa kwake una digrii. "Au kuna jambo linakusumbua, Mama?" anauliza Chloé, si kwa ubaya, Chloé si mbaya, "kama ni kwamba utamwonea huruma, hata mimi namwonea, yeye si atabaki makamu, hafukuzwi," ndiyo, atabaki makamu, atampokea Dokta getini Jumatatu, atamwonyesha vyoo, kisha Dokta ataisafisha rejista… na hilo neno sasa linageuka upande wake wa pili, kama shati lililovaliwa kinyume, kusafisha, rejista husafishwa nini, Théodore alidhani ni majina hewa, kule kwao majina hewa yanalipwa mishahara, kumbe hapa si majina hewa, hapa ni majina yenye watoto, wale ambao hawana cheti cha kuzaliwa, ambao mama zao wanaona gari la uhamiaji wanageuza njia, Hénock, kwa mfano, Hénock wa Murielle msusi, Murielle anayeimba soprano kwenye kanisa hilohilo la Papa Théodore, Beatha alikuwa ofisini siku ile amekuja kulipia safari ya binti yake, akamwona Murielle amesimama mlangoni na mtoto na mfuko wa plastiki wenye karatasi zisizo na maana, kadi ya chanjo, barua ya mchungaji, analia bila sauti, shule mbili zimekwisha kumkataa, na Nomsa akauliza, macho kwenye meza, mtoto ana jina? Ana. Ana miaka mingapi? Saba. Basi ana darasa, na akainuka akaenda kutafuta dawati, hivyo tu, hakuita kundi la WhatsApp, hakumwambia mtu kwamba ana maono, na Murielle hajamweleza mtu kanisani, aibu, unasimamaje mbele ya kwaya useme sina karatasi, kwa hiyo Théodore hajui, Théodore anapigia makofi ufagio, na ufagio unaelekea kwenye benchi lake la mbele. Na Nomsa alipoulizwa leo swali lilelile, msongamano, utafanyaje, alisema, akiuambia ukingo wa meza, "Kila mtoto aliyeko amepata pa kukaa," na wakangoja aendelee, hakuendelea, Thabo akageuza ukurasa… lile ndilo lilikuwa jibu, lote, na hakuna aliyelipokea, hata yeye, yeye alikuwa anatazama kama mwanamke anainua macho.

Basi aseme nini, awaambie kwao Nomsa, Msinga kule kwa Wazulu, mtu huingia akakaa? Atawaambia, watasema oo, kumbe, ahsante Mama Bea, inavutia sana, utamaduni, Thabo ataigiza kushangaa, wataweka alama moja juu, ya huruma, na Dokta atashinda kwa alama zilizobaki, halafu yeye atakuwa amemwombea Nomsa msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, amemtafsiri, nusu, ile isiyouma… hapana, hatafsiri mtu leo, amekoma, kama kuna wa kuelezwa hapa si Nomsa, na kama kuna cha kurudishwa ni neno, neno lake mwenyewe, alilitoa na chai lirudi kavu, na akilirudisha watapasuka vipande viwili, watatu kwa mmoja, mechi ya mtoto wa Thabo itapita, kipengele kwa kipengele, na Jumatatu Chloé ataeneza kwa walimu kwamba Mama Bea ana mtu wake, wamepanga, wanawake hawa, na magoti, Mungu wangu, magoti… "Sawa," anasema Thabo, mchangamfu, anaishusha kalamu, "kimya ni kukubali, au vipi, niandike tu kwamba sote tumeafikiana kwa Dokta—"

"Hapana."

Limetoka kabla hajalitafuta, na limetoka kwa Kiswahili, si kile Kiingereza chake kilichopigwa pasi anachokuja nacho kwenye vikao, hapana, la mama yake lile, la nesi mrefu sebuleni kwa watu, na Thabo anainua uso, samahani, umesemaje, Chloé ameacha simu, mama wa wilaya anavunja mfupa, na Beatha macho yameangukia kwenye ukingo wa meza yenyewe bila kutumwa na hayataki kuinuka, anatafuta neno la kikao, anatafuta kwa heshima zote mwenyekiti, na kabla hajalipata anasikia upande wake wa kulia sauti ya fundi, nzito, ya mashaka, kama mtu aliyepewa barua ya mwenzake asome mbele za watu, Papa Théodore anawaambia kwa Kiingereza chake cha kuvuka mitaro, "She say no," halafu anamgeukia yeye, ameinama, nyusi juu, anataka kujua kweli, mtu wa kwanza kutaka kujua kitu kweli tangu geti lifunguliwe, "Mama Bea, hapana ya nini?" na Beatha anavuta pumzi, ya kusafisha, Papa, ndivyo atakavyoanza, hapana ya kusafisha, lakini kwanza atamuuliza, kwa Kiswahili chake au cha kwake, chochote kitakachowahi kufika ulimini, kama anajua wanaosafishwa ni kina nani